Baba alizama ziwani, cheti cha kifo hakuna: mkopo wa chuo nitauombaje?

Shikamooni wana safu,

Nimemaliza kidato cha sita Mei hii, tahasusi ya CBG, na nasubiri matokeo. Nataka kusoma uuguzi, Mungu akijalia pale Bugando. Nyumbani ni Ukerewe, kijiji cha mwendo wa bodaboda kutoka Nansio. Mama anaanika dagaa na kaya yetu imo TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Baba alizama ziwani mwaka 2019 akiwa kwenye uvuvi, tukamzika kijijini. Hakupelekwa hospitali, kwa hiyo cheti cha kifo hatuna.

Nina mambo manne yananinyima usingizi. La kwanza ni hilo la cheti cha baba. La pili, cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Magreth Mafulu, cha kidato cha nne kimeandikwa Margareth Mafuru. La tatu, kidato cha kwanza hadi cha nne nilisoma shule binafsi, ada ililipwa na parokia. Wenzangu wananiambia ukishasoma shule ya kulipia Bodi ya Mikopo haikupi kitu, nifiche. La nne, binamu yangu mwaka jana alipata asilimia 40 akashindwa kukaa chuoni, na mama sasa anaogopa kunidhamini. Anasema nikishindwa kulipa watakuja kuchukua nyumba.

Kuna kijana mwenye steshenari hapa Nansio anataka 80,000 ili anijazie kila kitu na, kwa maneno yake, "jina lisukumwe". Nimpe?

Mwana wa Ziwa, Nansio


Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na kijana wa steshenari, maana huyo anaweza kukuharibia kabla hata hujaanza. Usimpe. Ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo ni 30,000, inalipwa mara moja, hairudishwi, na inalipwa kwa kontroo namba ambayo mfumo wenyewe unakupa ukishafungua akaunti. Unailipa kwa simu au kwa wakala wa benki. Steshenari unailipa kwa kuskani, kuchapisha na bando lake, basi. Hakuna mtu wa nje ya Bodi anayeweza kusukuma jina. Hatari kubwa ya hawa vishoka hata si hela. Wanafungua akaunti yako kwa namba yao ya simu na nywila yao. Likizuka jambo mwezi wa Septemba, ujumbe unaingia kwenye simu yake, naye kwa wakati huo ana wateja wengine mia. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako, na nywila iandikwe kwenye daftari lako.

Sasa ushike jambo hili: Bodi haikujui, haimjui marehemu baba yako, wala haijawahi kuona mama akigeuza dagaa juani. Inaona karatasi zilizopakiwa kwenye OLAMS, mfumo wake wa maombi ya mkopo mtandaoni, na inaona kama zinakubaliana. Mtoto maskini mwenye karatasi zinazogongana anaweza kupangiwa kidogo kuliko mwenye nafuu aliyejipanga. Si haki sana, lakini ndivyo mizani ilivyo. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, mara nyingine huongezwa siku chache. Siku hizo za nyongeza usizihesabu. Kazi yako kubwa ni wiki hizi za sasa, kabla dirisha halijafunguliwa.

Cheti cha baba kianze leo, kwa sababu ndicho kitakachochukua muda. Kisheria kifo husajiliwa ndani ya siku 30. Mkikawia, usajili bado unawezekana, ila unadai ushahidi zaidi. Msajili wa vizazi na vifo yupo ofisi ya Mkuu wa Wilaya, hapo hapo Nansio, kwa hiyo huna haja ya kupanda meli kwenda Mwanza kwa hili. Kabla ya kwenda, pita kwa mtendaji wa kijiji upate barua inayotaja jina kamili la marehemu, tarehe ya kifo, chanzo na mahali alipozikwa. Kama mlipewa kibali cha mazishi, kitafuteni hata kama kimekunjwa ndani ya Biblia. Na kwa kuwa alizama, ulizeni kituo cha polisi kama tukio liliandikwa. Watu waliozama mara nyingi huingizwa kwenye kitabu cha taarifa polisi, na nakala ya taarifa hiyo ina uzito kuliko barua tatu za mashahidi. Mama aende mwenyewe, maana yeye ndiye mtoa taarifa wa karibu, na abebe kitambulisho chake cha NIDA au kadi ya mpiga kura.

Angalieni tahajia ya jina la baba kabla cheti hakijachapishwa. Kama wewe ni Mafuru kwenye cheti cha kidato cha nne na baba akatoka Mafulu kwenye cheti cha kifo, mtakuwa mmetengeneza tatizo jipya kwa gharama yenu. Sisi wa kanda hii tunajua r na l zinavyopokezana vijiti midomoni. Karani naye anaandika anachosikia. Msimamie, msome pamoja herufi kwa herufi.

Cheti kikishatoka bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi huanguka. Bodi haitaki tu uwe na cheti, inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Uhakiki ni hatua nyingine, unaombwa kwenye mfumo wa RITA mtandaoni kwa kupakia nakala ya cheti, na majibu yanarudi kwenye akaunti yako yakiwa na namba ya uhakiki. Namba hiyo ndiyo unayoiingiza kwenye maombi ya mkopo. Fanya hivyo kwa vyeti viwili: chako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba. Maombi ya uhakiki hurudishwa kwa sababu za kijinga kabisa: picha imepigwa kwa simu kwenye mwanga hafifu, kona ya cheti imekatwa, namba ya ingizo haisomeki. Skani, usipige picha. Cheti cha zamani kilichojazwa kwa mkono huweza kuchelewa zaidi, kwa sababu kumbukumbu yake lazima itafutwe kwenye daftari. Na Agosti mifumo yote hii hulemewa, kwa kuwa nchi nzima imekumbuka kwa pamoja.

Kama hadi dirisha linakaribia kufungwa cheti cha baba bado, usinunue cha bandia. Kitagonga mwamba RITA na utakuwa umejitia kwenye kosa la jinai. Peleka maombi kwa ulichonacho. Uyatima hautahesabiwa, lakini TASAF itahesabiwa, na cheti kikitoka utakitumia kwenye rufaa.

Kuhusu majina. Mfumo wa Bodi unakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne na unavuta jina lako kutoka Baraza la Mitihani. Kwa hiyo jina linalotawala ni Margareth Mafuru. Usihangaike kubadili cheti cha kidato cha nne. Kinachorekebishwa ni cheti cha kuzaliwa, kifuate kile cha shule. Kwa msajili yule yule hapo wilayani beba cheti cha kidato cha nne, cha kumaliza darasa la saba, na cha ubatizo kama kinasoma Margareth. Hicho cha ubatizo husaidia sana kwa kuwa kiliandikwa ukiwa mtoto. Wengine watakuambia hati ya kiapo ya wakili inatosha. Kiapo kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, ila hakibadilishi kilichoandikwa kwenye daftari la RITA. Uwe nacho kama kinga, lakini kazi ya msingi ni kusahihisha cheti. Na usitume cheti kuhakikiwa kabla hakijasahihishwa, la sivyo utahakikiwa ukiwa Magreth.

Tumesema namba ya kidato cha nne. Iangalie mara mbili. Wapo wanaoweka ya kidato cha sita, na wapo waliorudia mtihani wakawa na namba mbili: chuo wameombea kwa moja, mkopo wakaombea kwa nyingine. Mifumo haiwezi kujua kwamba huyo ni mtu mmoja. Matokeo yake, amepata chuo, amepata vigezo, lakini jina lake la mkopo halioani na mwanafunzi yeyote aliyedahiliwa. Namba ile ile, chuo na mkopo.

Sasa hili la shule binafsi. Usifiche. Namba yako ya mtihani inaanza na namba ya kituo, na kituo ni shule. Ukiandika vinginevyo unajitia uongo unaoonekana kwa macho. Wenzako wana nusu ya ukweli: mfumo ukiona shule ya kulipia na hauoni aliyelipa, unahitimisha kwamba mzazi ndiye aliyelipa, na mzazi aliyeweza ada ile kwa miaka minne anaonekana anaweza kuchangia chuo. Dawa ni barua ya mfadhili. Nenda parokiani uombe barua yenye nembo, sahihi na muhuri, inayotaja jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, jina la shule, miaka waliyokulipia, na kwamba walilipa ada yote au sehemu gani. Barua isiyo na miaka haisaidii. Kwenye mfumo utaulizwa kama ulifadhiliwa: jibu ndiyo, kisha pakia barua. Vijana wengi waliosomeshwa na makanisa, misikiti au mashirika wanaruka swali hili kwa haraka, halafu wanakuja kulalamika kwamba Bodi ina upendeleo.

TASAF ni fupi. Chukua namba ya kaya kutoka kadi ya mama, kisha umwone mratibu wa TASAF wa halmashauri ahakikishe kaya bado iko hai kwenye orodha na jina lako limo kati ya wanakaya, tena kwa tahajia hiyo hiyo. Mkishindwa kukutana naye, mtendaji wa kijiji anajua njia ya kumpata.

Fomu yenyewe utaijaza mtandaoni, uichapishe, isainiwe, kisha uskani kurasa zenye sahihi na kuzirudisha kwenye mfumo. Wanaosaini ni wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo, yaani hakimu au wakili. Hao wawili wa mwisho, kila mmoja na muhuri wake. Mdhamini huweka picha ya pasipoti na nakala ya kitambulisho. Tumeona mafaili yaliyokamilika isipokuwa muhuri mmoja wa kijiji uliofifia hadi hausomeki. Omba mtendaji aloweshe pedi ya wino. Na ukishapakia, kuna kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Usipokibonyeza, maombi yako ni rasimu tu, hata kama umelipa 30,000 na kila ukurasa upo. Rudi kwenye akaunti kesho yake uone hali inasomekaje, na uchapishe fomu nzima ubaki nayo.

Kuhusu binamu na asilimia 40. Mkopo hautolewi kama fungu moja. Una vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ada na mahitaji ya kitivo huenda chuoni moja kwa moja. Fedha ya chakula na malazi, ile mnayoita bumu, huingia kwako. Kiwango chake kamili tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa awamu ya siku 60 hiyo ni 600,000. Aliyepangiwa asilimia 40 kwenye kipengele hicho anapata 240,000, na ndani yake kuna kodi ya chumba. Vitabu na viandikwa ni hadi 200,000 kwa mwaka, mafunzo kwa vitendo 10,000 kwa siku, yasizidi siku 56.

Majina yakitoka, usiishie kuuliza "nimepata asilimia ngapi". Ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, yaani akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi, usome kila kipengele peke yake, kisha uchukue fomu ya ada ya chuo mlinganishe. Uuguzi una gharama za kitivo ambazo mwenzako wa ualimu hana. Chuo binafsi, na Bugando ni cha kanisa, ada inaweza kuzidi kile Bodi inacholipa. Tofauti hiyo itakuwa yenu, na ni bora muijue Septemba kuliko Januari mkiwa mnazuiwa mtihani. Vyuo vingi vinapokea ada kwa awamu, ila lazima uombe kwa maandishi mapema.

Ukipangiwa pungufu, kuna rufaa. Hapo ndipo binamu alipopoteza, kama ni kama wengi: aliandika barua ndefu ya kusikitisha bila kiambatisho kipya. Rufaa haisikilizi machozi. Inasikiliza hati ambayo awali haikuwepo, kama cheti cha kifo kilichohakikiwa baadaye, barua ya mfadhili iliyosahaulika, au taarifa ya ulemavu wa mwombaji au mzazi iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Kama huna jipya, nafasi ni ndogo. Kwa rufaa iliyokwama, hapo sasa panda meli. Bodi ina ofisi ya kanda jijini Mwanza, nenda ukiwa na nakala zako zote.

Mama na nyumba yake. Mkopo huu hauombi hati ya kiwanja wala dhamana ya mali kama wa benki. Lakini sahihi ya mdhamini si ya kupamba karatasi: anathibitisha kwamba taarifa zako ni za kweli, na ukikimbia deni Bodi ina haki ya kumfuata akueleze uko wapi na awajibike kwa alichosaini. Msomee mama ukurasa huo kwa sauti kabla hajasaini. Ana haki ya kuogopa asichokisoma.

Kisha mweleze marejesho yanavyokwenda. Yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Ukiwa muuguzi mwenye mshahara wa msingi wa, tuseme, 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi hadi deni liishe. Ukijiajiri, unalipa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi au isiyopungua 100,000 kwa mwezi. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kila mwaka, iliyokuwa ikifanya deni linenepe hata ukiwa unalipa, iliondolewa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10. Kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Kwa hiyo unalipa karibu na kile ulichokopa. Kaka wa mtaani anayemwambia mama kwamba mkopo hauishi anazungumzia wakati ule.

Neno moja kuhusu matokeo yako. Kuna Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/2023, kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Si mkopo, hairejeshwi, na ni kwa wachache. Ukipata daraja la juu, fuatilia orodha, lakini usiache kuomba mkopo kwa kuisubiri. Na matokeo yakiwa ya wastani usikate tamaa na afya: tangu 2023/2024 Bodi inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo.

Ukidahiliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja tu, na hicho ndicho mkopo wako utakifuata. Ukihama chuo katikati bila kuipa Bodi taarifa, bumu litabaki kule ulikotoka. Ukifika chuoni, jisajili wiki ya kwanza, fungua akaunti ya benki kwa jina la Margareth Mafuru, na uende kusaini kila awamu inapotangazwa. Fedha ambayo haikusainiwa kwa wakati hurudi Bodi, na kuidai upya ni safari nyingine.

Kesho asubuhi anza kwa mtendaji wa kijiji, kwa barua ya baba. Barua ya parokia unaweza kuiomba Jumapili ukitoka misa.